Maji ya Kwanza

Mastura aliisoma kadi ya Odeta, akaipindua, akaisoma tena. Kisha akachukua kisanduku chake cha kupimia damu, akafuta kile kioo kidogo kwa pamba, akasema, "Odeta, naomba kidole kingine."

"Kwani umekosea?"

"Sijui. Lete kidole."

Tulikuwa wanawake wanane uani kwangu, Mkolani, pembeni ya Mwanza, wengine kwenye mkeka, wengine juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya jiko. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tano. Odeta alitoa kidole, Mastura akachoma, akakamua tone, akakiinamia kisanduku kwa muda mrefu. Alipoinua uso, uso wenyewe ulikuwa umebadilika.

"Kumi na moja," alisema. "Mwezi wa saba ulikuwa na damu nane. Sasa una kumi na moja."

Odeta alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesifiwa na hajui kwa nini. Sisi wengine tukatazamana. Sisi ndio tuliokuwa tunakula uyoga. Odeta hakuwa anakula.

Ngoja nieleze ilivyoanza, maana bila hivyo hutaona kwa nini baadaye nilishika mdomo.

Mastura alikuwa binti wa mjini, mwembamba, mwenye adabu. Alisomea kilimo, akatumwa na chuo chake kuja kutufundisha kuotesha uyoga. Miaka ile samaki walikuwa wametukimbia. Ziwa tulikuwa tunaliona kutoka kwenye mawe yetu, na viwanda vya minofu vilikuwa vimejaa upande wa Ilemela, lakini sangara alikuwa anapanda ndege. Sisi tulibaki kununua mapanki, yaani kichwa na mifupa. Nyama ilikuwa ya Krismasi. Wanawake wengi walikuwa na macho meupe ukivuta kope, dalili ya damu kupungua. Mastura alituvuta kope mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

Akaleta mbegu za uyoga kwenye chupa, zimeshikana na mtama. Tukachukua makapi ya pamba kiwandani, tukayaloweka, tukayapika kwa mvuke kwenye pipa, tukayajaza kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu, tukaitundika kwenye kibanda changu cha giza. Lakini kabla ya kuloweka, alikuwa anayeyusha kwenye maji chumvi fulani ya kijani, rangi kama ya chupa ya soda.

"Hii ni madini ya chuma," alisema. "Damu inayataka. Uyoga unanyonya kilichomo kwenye makapi. Makapi yakiwa na chuma, uyoga utakuwa na chuma, na nyie mkiula mtapata chuma."

"Tutatapika misumari," alisema Rose, mwenyekiti wetu. Rose ana ulimi, Mungu amsaidie.

"Hamtatapika kitu, Mama Rose. Kipimo ni kidogo, nimekipima mwenyewe. Pikeni uyoga wenu kama mnavyopika siku zote, mle mara nne kwa wiki. Basi."

Halafu akasema anahitaji wanawake wawili ambao hawatakula, apate kulinganisha. Hao kila mwezi angewapa mche wa sabuni. Nilijisikia vibaya, maana aliyechaguliwa kwanza alikuwa Odeta, jirani yangu wa nyuma, na kama kulikuwa na mtu wa kula pale alikuwa ni yeye. Mume wake alivuka kwa kivuko cha Kigongo kwenda kutafuta dhahabu, akamwachia watoto wawili na nyumba ya chumba kimoja. Lakini Odeta alisema, "Nimekubali. Sabuni nayo ni kitu." Akaahidi mbele yetu sote kwamba hataonja.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuupenda mradi ule, na sababu hiyo ilikuwa Winnie.

Winnie ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyefariki. Nimemlea tangu anatambaa. Aliolewa na Venant, kijana anayekata minofu kiwandani, kijana mzuri. Mimba yake ya kwanza ilimtoa damu nyingi, mtoto akafa, na Winnie mwenyewe walimrudisha kutoka mlangoni mwa kaburi. Miaka ile watu waliogopa damu ya kuongezewa kuliko ugonjwa, kwa ajili ya ukimwi. Daktari alituambia waziwazi: "Mimba nyingine akija na damu ndogo kama hii, sitawadanganya." Sasa alikuwa na mimba nyingine. Vidonge vya damu alikuwa anavitapika vyote, asubuhi na jioni. Venant akamleta kwangu alelewe mpaka ajifungue, na yeye akawa anakuja Jumapili.

"Mume wangu," nilikuwa namwambia Venant, maana kwetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi kwa utani, "safari hii mke mwenzangu atajaa damu mpaka imwagike."

"Nakutegemea wewe, mke mkubwa," naye anajibu. Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka.

Kwa hiyo Winnie alikula uyoga si mara nne, mara saba. Niliupika mwenyewe, sikumwachia mtu. Na siku hiyo Mastura alikuwa amempima kabla ya Odeta. Mwezi wa saba Winnie alikuwa na nane. Mwezi wa tisa, alipopimwa peke yake kwa ajili ya mimba, saba na nusu. Sasa saba. Mimi nane, kama nilivyoanza. Rose nane na nusu, kama alivyoanza. Wote tulikuwa tumesimama pale pale, hata yule mwenzake Odeta asiyekula, na Winnie wangu alikuwa anashuka, na zilikuwa zimebaki wiki tano au sita ajifungue.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo Odeta aliposomewa kumi na moja.

Rose ndiye aliyesema wa kwanza. "Mtaalamu, usihangaike na hicho kisanduku. Kisanduku ni kizima. Uyoga wa Mama Teodora una miguu, unatembea usiku."

"Rose," nikasema.

"Nini? Wewe ni mpole mno. Nani anashinda jikoni kwako? Nani anaosha vyombo vyako kila siku bila kuitwa? Mjukuu wako anakauka, mwenzake ananawiri. Hesabu yake ngumu?"

Odeta alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amekibana kile kidole kilichochomwa ndani ya khanga.

"Mimi uyoga sijala," alisema. "Niliahidi."

"Apa."

"Rose, acha," nikasema tena. Lakini kwa kweli nami nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Nilimwangalia Winnie pale kwenye mkeka, miguu imevimba, midomo rangi ya majivu, na likanijia wazo nisilolipenda. Niliwaza: kama kweli Odeta alikuwa anakula sehemu ya Winnie? Nitasema nini? Nasema haya sasa kwa aibu. Sikulitoa mdomoni, lakini nililiwaza.

Mastura alimsogelea Odeta, akachuchumaa. "Dada, sikulaumu. Nataka kujua tu. Umebadilisha chakula chochote? Maini? Dagaa? Umepewa vidonge?"

Odeta akatikisa kichwa.

"Hata kitu kidogo."

Odeta alinitazama mimi, si Mastura. "Mama, usinikasirikie. Ni yale maji."

"Maji gani?"

"Yale ya uyoga. Ya kwanza. Yale unayomwaga."

Ndipo nilipoushika mdomo wangu.

Ni lazima nikwambie habari za maji yale. Nilipokuwa na miaka tisa, mdogo wangu Mhoja alikula uyoga wa kichuguu tuliouokota wakati wa mvua. Kulikuwa na mmoja mbaya katikati ya mwema. Alikufa siku ya tatu, akiwa ameshika nguo yangu. Tangu siku hiyo mama alitufundisha: uyoga unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, unachemshwa tena, yanamwagwa, ndipo unaunga na karanga. Na maji yale hayamwagwi ovyo, kuku wakayanywa. Yanawekwa kando kwenye ndoo, halafu yanapelekwa shimoni mbali. Wanawake wote wa kwetu wanapika hivyo. Mimi kwa ajili ya Winnie nilikuwa nachemsha na kumwaga mara tatu.

Na ile ndoo, kila siku, Odeta alikuwa anainyanyua na kusema, "Acha Mama, nitakwenda kumwaga mimi." Mimi nilikuwa nikimwombea baraka. Niliwahi kumwambia Winnie, "Angalia wema wa yule mwanamke, hata maji machafu ananibebea."

"Ulikuwa unayanywa?" nikauliza. Sauti yangu sikuitambua.

"Nilikuwa naloweka ugali. Yana chumvi kidogo, yana harufu ya mboga. Mboga nyingine sikuwa nayo, Mama."

"Odeta! Maji yale ni sumu!"

"Najua. Wewe mwenyewe uliniambia habari za mdogo wako. Ndiyo maana nilijaribu mimi kwanza. Nikasema nikinywa siku tatu bila kufa, nitawapa watoto."

Winnie alijiinua kwenye mkeka.

"Siku tatu," nikasema. "Zile siku tatu uliponiletea watoto walale kwangu? Ulisema paa lako linavuja."

"Halikuwa linavuja, Mama."

"Ulisema linavuja."

"Nilitaka kama nikifa wawe tayari ndani ya nyumba ya mtu."

Ulikuwa mwezi wa nane. Nani asiyejua kwamba Mwanza mwezi wa nane hakuna mvua? Nilikuwa nimewapokea wale watoto, nikawatandikia, nikawapa uji, nikajiona mwema. Sikujiuliza mvua inatoka wapi. Hatua thelathini kutoka kwenye jiko langu, mwanamke alikuwa amekaa anasubiri kufa kwa maji niliyoyatupa, na mimi nilikuwa naunga karanga.

Winnie alianza kulia kimya kimya. Rose alikuwa anaangalia jiwe.

Aliyepiga kelele alikuwa Mastura. "Mnamwaga maji?" Alisimama, akarudia, "Mnamwaga? Wote?"

Tukaitikia kwa vichwa: wote.

"Mara ngapi?"

"Mbili," akasema Rose, kwa mara ya kwanza polepole.

"Tatu," nikasema mimi.

Mastura aliweka mikono yote miwili kichwani, akaketi chini, palepale penye majivu, na gauni lake safi. "Nani aliwaambia mmwage?"

"Mwanangu, wewe ulisema tupike kama siku zote."

"Nilisema hivyo." Alitazama majivu. "Nilisema hivyo kweli. Bibi, kwetu uyoga haujawahi kupikwa. Mama yangu hata kuugusa hawezi. Mimi nimeujua chuoni, kwenye vitabu. Nilipima makapi, nikapima chumvi, nikapima uyoga mbichi. Sikuja siku moja kusimama jikoni kwenu." Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Chuma kinatoka na maji. Si chote, lakini kinatoka. Na mkichemsha mara tatu... Huu si uyoga wa kichuguu, Bibi. Huu hauna mbaya kati yake. Tumeupanda wenyewe, ni mbegu moja."

Nilimtazama Winnie. Miezi mitatu. Kila siku nilikuwa nimeinamia chungu kile kwa mapenzi yangu yote, nikimimina damu ya mjukuu wangu kwenye ndoo.

Mastura alijaza chupa mbili kwa maji ya uyoga wa siku ile, akaondoka nazo kwenda kuyapima. Mlangoni aligeuka, akarudi, akamshika Odeta mikono yote miwili. Wenzetu nao walitawanyika bila kuagana vizuri.

Odeta alibaki anaosha vile vikombe vya chai kama kawaida. Nilikwenda nikamshika bega. Nilitaka kusema mengi.

"Mama," alisema bila kugeuka, "ukinionea huruma nitashindwa kuja hapa tena."

Kwa hiyo nilikwenda ndani nikatoa chungu kikubwa, kile cha misiba, kinachotosha nyumba mbili, nikakiweka jikoni palipokuwa pakikaa kidogo. Yeye akakiangalia. Akachukua majani ya msasa akaanza kukisugua.

*

Sikutaka kusubiri majibu ya chupa. Wiki tano si nyingi. Kesho yake nikachuma uyoga, nikauosha, nikauchemsha, na safari hii maji sikumwaga. Niliweka chumvi, nyanya, karanga. Mchuzi ukawa mzito, wa kahawia. Nikaupakua kwenye bakuli la Winnie, nikasimama nalo mlangoni.

Unaweza kuambiwa jambo na mtu msomi, ukalielewa, ukaliamini kabisa, na mwili wako ukalikataa. Nilikuwa naona mkono wa Mhoja kwenye nguo yangu. Miaka hamsini nilikuwa nimemwaga maji yale, na sasa nilikuwa nayapeleka kwa mtoto niliyebaki naye, mwenye mtoto tumboni.

Winnie alilitazama bakuli, akanitazama mimi. "Mke mwenzangu," alisema, "ndiyo umeamua kuniua ubaki na Venant?"

"Venant ananikoromea usingizini. Mchukue tu."

Winnie alisukuma bakuli kwa kidole. "Bibi, mimi naogopa. Tangu mtoto unaniambia hayo maji ni kifo. Ulikuwa unanichapa nikiisogelea ndoo."

"Nilikuchapa, kweli."

"Sasa leo?"

"Leo nitakunywa mimi kwanza."

Nikalichukua bakuli lake nikalinywa lote, mpaka chini. Ladha ilikuwa nzuri, ndilo lililoniudhi. Miaka yote ile, ladha yenyewe ilikuwa kwenye maji. Halafu nikakaa barazani nikangoja. Mastura angenicheka, au labda asingenicheka. Nilingoja tumbo liume. Nilisikiliza kila mlio wake. Winnie alikaa karibu yangu, ameshika mkono wangu, na saa zikaenda.

Odeta alipita na ndoo ya maji kichwani, akatuona. "Kuna nini?"

"Bibi amekunywa mchuzi," Winnie alisema. "Tunangoja."

Odeta alitua ndoo. Hakutucheka. Aliingia jikoni, akajipakulia, akaja akakaa upande wangu wa pili na bakuli lake, akanywa taratibu. "Siku ya kwanza ndiyo mbaya," alisema. "Unasikia kila kitu. Mimi hata mbu akilia nilidhani ni moyo unasimama. Siku ya pili unachoka kuogopa."

"Ulikuwa peke yako," nikasema.

"Nilikuwa peke yangu." Akalamba kijiko. "Hivi ni afadhali."

Jioni ile jua likiwa bado liko juu ya ziwa, Winnie alisema, "Basi nipeni. Nikifa, tutakufa ukoo mzima." Akanywa nusu bakuli. Siku iliyofuata akanywa bakuli zima. Siku ya tatu akaomba liongezwe.

Na siku hiyo ya tatu niliamka nikamkuta Rose anafagia mbele ya nyumba ya Odeta. Hakuomba msamaha, Rose hajui kuomba. Alifagia mpaka kwenye njia, akauegemeza ufagio ukutani, akaenda zake. Odeta alitoka akauona uwanja wake, akaniita nije nione, kana kwamba ni mvua imenyesha.

Mastura alirudi baada ya wiki na majibu yameandikwa kwenye karatasi. Hakusoma tarakimu. "Sehemu kubwa ya chuma ilikuwa kwenye chupa," alisema. "Sehemu kubwa, Bibi." Akaomba nimwonyeshe ninavyopika, tangu kuosha, na safari hii alisimama jikoni moshi ukimwingia machoni, anaandika kila kitu, hata jinsi ninavyoonja kwa kiganja. Pia alimletea Winnie vidonge vya aina nyingine, akamwambia avimeze katikati ya chakula na si kabla. Vile vilikaa tumboni. Kwa hiyo sitasema ni uyoga peke yake. Nasema nilichokiona: wiki ya tatu kucha za Winnie zilianza kuwa na rangi.

Lakini hatukupata wiki zote. Uchungu ulimjia mwisho wa wiki ya nne, asubuhi, akiwa anaanika khanga. Alisema tu, "Bibi," nikaona maji miguuni pake, na kati ya maji, damu.

Ilikuwa damu, kama mara ya kwanza.

Odeta ndiye aliyekimbia barabarani. Alisimamisha gari dogo la mizigo lililokuwa linapeleka makapi ya pamba, akabishana na dereva kwa dakika moja tu. Dereva yule, simjui mpaka leo, alishuka akatupa magunia sita pembeni ya barabara ili tupate nafasi, na gunia moja akaliacha mjukuu wangu aegemee. Aliendesha polepole kwenye mashimo na kwa kasi penye lami. Mpaka leo nikipata nafasi kanisani namwombea.

Hospitalini walimchukua Winnie mlangoni. Nilisikia nesi mmoja anamwambia mwingine, "Mpime damu haraka." Mlango ukafungwa. Nikasimama mbele ya mlango ule kama mtu aliyesahau alichotumwa. Odeta alikuwa amebaki nyumbani na watoto. Venant alikuwa kazini, hajui lolote, anakata minofu ya watu wa mbali. Nilikuwa peke yangu na nguo za mtoto ndani ya kikapu.

Sikuweza kusali. Nilijaribu Baba Yetu nikasahau katikati. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazunguka kichwani: miezi mitatu nilimwaga. Wiki nne sikumwaga. Miezi mitatu, wiki nne. Nilikuwa navipima hivyo viwili kama mwanamke anayepima pamba, na kila mara upande wa miezi ulishuka.

Walipita na beseni. Nililiona lilivyokuwa. Mtu asiniambie kwamba wazee hawashituki. Nilishituka mpaka masikio yakaziba, nikaona midomo ya watu inakwenda bila sauti.

Saa saba mchana mlango ulifunguka, nesi mnene akatoka, gauni lake lina madoa. "Nani wa Winnie?"

Nilinyanyua mkono kama mtoto wa shule.

"Bibi, shikamoo. Keti kwanza."

"Marahaba. Niambie nikiwa nimesimama."

"Amevuja sana. Sana. Tulidhani tutahitaji kumwongezea, na leo hapa hatuna damu ya kundi lake." Alijifuta jasho. "Lakini aliingia na tisa na nusu. Kadi yake ya mwezi wa kumi imeandikwa saba. Angeingia na ile saba..." Hakumalizia. "Imesimama sasa. Mtoto ni wa kike, mdogo, lakini anapiga kelele. Huyo unayemsikia ndiye yeye."

Nilikuwa nasikia kelele ile tangu muda mrefu. Nilidhani ni ya mtoto wa mtu mwingine.

"Yu hai?" nikauliza.

"Mtoto?"

"Winnie."

"Bibi, yu hai, na ananisumbua. Anasema ana njaa. Umemletea nini?"

Nikafungua kikapu. Khanga mbili, sweta la mtoto, soksi, kipande cha sabuni. Wiki nne nilikuwa nimempikia mara tatu kwa siku, na siku yenyewe nimekuja bila hata kipande cha muhogo. Nikayageuza yale manguo, nikayageuza tena, kana kwamba chakula kitajitokeza. Hapo ndipo machozi yalipokuja. Siyo alipovuja, siyo lilipopita beseni. Kwa kukosa chakula.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi, mtu wa Ukerewe kwa usemi wake, alikuwa na chupa ya uji kati ya miguu, anamngoja mkwe wake. Hakuniuliza kitu. Alifungua chupa, akajaza kifuniko, akaangalia kilichobaki, akakiacha kifuniko kwangu na chupa yote pia.

"Na wako je?" nikamwambia. "Akitoka atakula nini?"

"Wangu bado anahangaika. Wako ameshamaliza. Nenda, usimwage."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Kifuniko kilikuwa kimejaa, uji ukagusa kidole gumba, wa moto. Nesi alinishikia mlango kwa kiwiko. Nikaingia ndani polepole, nauangalia uji badala ya njia, na kutoka kitanda cha tatu nikasikia sauti nyembamba, ya uchovu, ikisema, "Mke mwenzangu, mbona umechelewa?"